Uzito Usioonekana: Elimu ya Nuru kutoka Basra hadi Durban

Mwanahistoria wa pwani anayefika Durban hukutana na majina mawili yanayomtaka awe na hadhari. La kwanza ni "Mzanzibari". Mwezi wa Agosti 1873, miezi miwili tu baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, Waingereza waliteremsha katika bandari ile watu 113 waliokamatwa baharini katika majahazi, na wengine wakafuata hadi mwaka 1880. Wakaandikwa Wazanzibari. Kwa asili wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, na kizazi baada ya kizazi wameendelea kusema Kimakua majumbani mwao. Jina la pili ni "Mwarabu". Katika karatasi za koloni la Natal za zama zile, "Waarabu" aghalabu ni wafanya biashara Waislamu kutoka Gujarati, wale walioanzisha msikiti wa mtaa wa Grey mwaka 1881. Basi Mzanzibari hakutoka Zanzibar, na Mwarabu hakutoka Arabuni. Majina yote mawili yalitolewa na mtu aliyekuwa akitazama kwa mbali.

Jina la tatu la namna hiyo hutajwa siku hizi katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, ambako kuna kituo cha wanafalaki wanaochunguza maumbile ya ulimwengu mzima. Nalo ni "maada ya giza". Waarabu wa leo husema al-madda al-mudhlima. Kitu chenyewe hakina giza hata kidogo. Giza ni kizuizi: wingu la mvua hutuficha nyota, na moshi hutuficha taa. Kitu hiki hakitoi nuru, hakiirudishi, wala hakiizuii. Nuru hupita ndani yake kana kwamba hakuna kitu. Lau waliokipa jina wangeliuliza zaidi, pengine wangelikiita "maada angavu". Kinachotujulisha kwamba kipo ni uzito wake peke yake, na njia mojawapo bora ya kuupima uzito huo ni kutazama jinsi unavyopinda nuru ya galaksi zilizo mbali nyuma yake. Habari ya namna elimu hii ilivyofika hapo ni ndefu, na sehemu zake kadhaa zinatuhusu sisi watu wa bahari ya Hindi kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza niondoe dhana moja. Kila panapotokea uvumbuzi katika elimu ya nuru, hakosi mmoja wetu kuandika kwamba jambo hilo lilikwisha kusemwa na Ibn al-Haytham. Sisi tuliosomeshwa Kiarabu chuoni na Kiingereza skuli tunaijua vizuri raha ya kusema hivyo. Walakini si kweli, na ukweli wenyewe ni mzuri kuliko maneno hayo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na 1040, alithibitisha katika Kitab al-Manadhir kwamba jicho halitoi miale, bali hupokea nuru inayotoka katika vitu. Na kwamba nuru ndani ya kitu cha namna moja hwenda kwa mstari ulionyooka. Hakulisema hili kwa kukisia. Aliingiza nuru katika chumba chenye giza kwa tundu ndogo, akaifuata njia yake. Kabla yake, karibu na mwaka 984, Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa amekwisha kuijua hesabu ya nuru inavyopinda ikitoka hewani na kuingia katika kioo. Kupinda huko wao walikuita in'itaf. Hakuna katika wao aliyefikiri kwamba nuru inaweza kupinda mahali patupu, pasipo kioo wala maji wala hewa, kwa sababu tu imepita karibu na kitu kizito. Lakini bila ya kuthibitishwa kwanza kwamba nuru hunyooka, mtu hana kipimo cha kujulia kwamba imepinda. Hiyo ndiyo sehemu yao, nayo ni kubwa.

Neno "lenzi" nalo lina asili ya kufurahisha. Kwa Kilatini maana yake ni adesi, hizi hizi tunazopika mchuzi, kwa kuwa kioo kilichovimba pande mbili hufanana na punje ya adesi. Waarabu nao husema adasa. Kwa hiyo anayeona vigumu kusema "lenzi ya mvutano" anaweza kusema "adesi ya mvutano" bila ya kukosea, ingawa umbo halisi la kazi yake hufanana zaidi na kitako kinene cha gilasi: ukitazama mshumaa kupitia hapo utaona moto mmoja umekuwa miwili, au umenyooshwa kuwa upinde, au, ukiuweka katikati barabara, umekuwa pete.

Newton aliuliza mwaka 1704, mwishoni mwa kitabu chake cha nuru, kama miili haivuti nuru kwa mbali na kuipinda. Mjerumani Soldner alifanya hesabu mwaka 1801. Swali likalala karne nzima, hadi Einstein alipolifufua mwaka 1911, na mwaka 1915 akapata jibu jipya: nuru ya nyota ikipita kandokando ya jua itapinda kwa sekunde 1.75 za tao, yaani mara mbili ya hesabu ya zamani. Chukua digrii moja, igawanye mara 3,600. Kila fungu ni sekunde moja. Upana wa sekunde 1.75 ni upana wa sarafu ya sentimita 2.4 ukiitazama kutoka mbali wa kilomita 2.8 hivi. Na kwa kuwa nyota hazionekani kando ya jua mchana, hapana budi kungojea jua lipatwe kabisa.

Likapatwa tarehe 29 Mei 1919. Kwa hesabu yetu ilikuwa mwisho wa Shaabani 1337, na watu wa pwani walikuwa wakingojea mwezi wa Ramadhani kuandama. Vitabu vyote husimulia kwamba Eddington na Cottingham walikwenda kisiwa cha Príncipe, magharibi ya Afrika, na Crommelin na Davidson wakaenda Sobral nchini Brazil. Lisilosimuliwa ni kivuli kilikokwenda baada ya Príncipe. Kilikata Gabon na Congo, kikapita kaskazini mashariki ya nchi inayoitwa leo Zambia na ncha ya kaskazini ya Malawi, kikagusa kusini ya Tanganyika, na kikamalizikia jua linapokuchwa juu ya kaskazini mashariki ya Msumbiji. Ni pande zile zile walikotoka wazee wa "Wazanzibari" wa Durban. Mamia ya maelfu ya watu wa bara na pwani lazima waliliona jua likizimika alasiri ile. Vita Vikuu vilikuwa vimemalizika katika nchi hizo miezi sita tu kabla, na njaa na homa ya mafua zilikuwa zimewapitia. Katika historia ya elimu ya nuru hawatajwi hata kwa mstari mmoja.

Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919: sekunde 1.98 kutoka Sobral, 1.61 kutoka Príncipe. Wako waliosema baadaye kwamba Eddington alichagua picha zilizompendeza. Vioo vya Sobral vilipimwa upya kwa mashine mwaka 1979, na hukumu ikabaki ile ile.

Sasa tuje katika uzito wenyewe. Mwaka 964, al-Sufi, aliyefanya kazi Isfahan, aliandika katika kitabu chake cha sura za nyota kwamba katika kundi la Mwanamke aliyefungwa minyororo pana kijiwingu kidogo. Hakuna maandishi ya kabla yake tuliyo nayo yanayokitaja. Kijiwingu hicho ndicho galaksi ya Andromeda, iliyo mbali nasi kwa miaka ya nuru milioni 2.5. Mwaka 1970, miaka elfu na sita baada ya al-Sufi, Vera Rubin na mwenziwe Kent Ford walipima mwendo wa nyota na gesi za Andromeda zikizunguka kitovu. Katika jamii ya jua letu, sayari iliyo mbali hwenda polepole kuliko iliyo karibu. Huko Andromeda waliona kwamba zilizo ukingoni hazipungui mwendo. Kwa mwendo ule zingalikwisha kutawanyika kitambo, isipokuwa pana uzito mwingi zaidi ya ule unaoonekana, unaozishika. Fritz Zwicky alikuwa amesema neno kama hilo mwaka 1933 juu ya kundi zima la galaksi liitwalo Coma, na watu hawakumsikiliza sana. Alikuwa, kwa maelezo ya wenziwe, mtu mgumu kukaa naye.

Zwicky huyo huyo ndiye aliyeunganisha nyuzi mbili. Mwaka 1936 Einstein, baada ya kusumbuliwa na mhandisi mmoja aitwaye Rudi Mandl, alichapisha makala fupi akisema nyota moja inaweza kuwa adesi kwa nyota iliyo nyuma yake, lakini hapana tamaa ya jambo hilo kuonekana. Zwicky akajibu mwaka 1937: acheni nyota, tazameni galaksi, nazo zitatupa mizani ya kupimia hata uzito usioonekana. Ilichukua miaka 42. Mwaka 1979 wanafalaki Walsh, Carswell na Weymann walikuta vitu viwili vya mbali vinavyong'aa, vinafanana kama pacha. Kumbe ni kimoja, kimeonyeshwa mara mbili na galaksi iliyo njiani. Katikati ya miaka ya 1980 zikaonekana tao kubwa za nuru kuzunguka makundi ya galaksi, kama lile liitwalo Abell 370.

Tao na pete ni maajabu, na picha zake hupendeza. Mimi lakini, kwa tabia ya kazi yangu, huvutiwa zaidi na njia ya pili, ambayo haina picha ya kuonyesha. Mahali pengi uzito hautoshi kufanya tao. Huinyoosha kila galaksi ya nyuma kiasi kidogo tu, pengine asilimia moja. Ukitazama galaksi moja hujui kama ni ndefu kwa kuwa imenyooshwa au kwa kuwa ndivyo ilivyoumbwa. Basi hutazamwa maelfu, na huulizwa: je, zimeelekea upande mmoja kuliko bahati inavyoruhusu? Msomaji aliyepata kufanya kazi ya nyaraka ataitambua njia hii. Barua moja ya balozi, au hati moja ya karani wa forodha, haiwezi kukujulisha peke yake kama imepinda kwa tabia ya mwandishi au kwa nguvu iliyokuwa ikimsukuma. Ukisoma mia tano, na zote zimeegemea upande mmoja mahali pale pale, unajua kwamba hapo palikuwa na kitu kizito, hata kama hakuna hata moja inayokitaja. Wale watu 113 wa 1873 na waliowafuata hawakutuachia karatasi nyingi walizoandika wenyewe. Lakini ardhi ya Kings Rest kule Bluff ilinunuliwa kwa ajili yao na wadhamini wa msikiti. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ililazimika kuwatafutia fungu katika orodha zake, ikawaandika "Waasia Wengine" na kuwahamishia Chatsworth. Waafrika wa Msumbiji wakageuzwa Waasia kwa kalamu! Sheria yenyewe ilijipinda kuwazunguka.

Durban haikuingia katika falaki juzi. Mwaka 1882 Edmund Nevill, aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu kikubwa juu ya mwezi akitumia jina la Neison, aliteremka bandarini siku chache kabla ya tarehe 6 Desemba, Zuhura ilipopita mbele ya jua, akawa mwanafalaki wa serikali ya Natal. Kituo chake kilitoa saa ya koloni. Yeye mwenyewe alishughulika zaidi na mwendo wa mwezi, akilinganisha majedwali na yaliyoonekana. Kituo kilifungwa mwaka 1911 kwa ukosefu wa fedha na hamu, na mji ukakaa muda mrefu bila ya jina katika elimu hiyo.

Kurudi kwake kumetokana na darubini ambayo haiko Afrika kabisa. Darubini ya Atacama, yenye kioo cha mita 6, ilisimamishwa Chile juu ya mlima Cerro Toco, mita 5,190 juu ya bahari, mahali pakavu ambapo mvuke wa maji hauzuii mawimbi mafupi ya redio. Ilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2022. Ilitazama nuru kongwe kuliko zote, iliyoachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, na ambayo imesafiri miaka bilioni 13.8 mpaka kutufikia. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilikuwa mshirika wa kazi hiyo, akiwamo Kavilan Moodley. Mwaka 2011 jamaa wa Atacama walitangaza kwamba wameiona alama ya kupinda kwa nuru hiyo kongwe kwa kutumia vipimo vyake peke yake, yaani uzito wote uliotandazwa njiani umeacha mkunjo wake. Mwaka 2021 Matt Hilton, akiwa Durban, alitangulia orodha ya waandishi walioainisha zaidi ya makundi 4,000 ya galaksi yaliyopatikana kwa kivuli ambacho gesi yake ya moto hukitia katika nuru ile. Gesi humwonyesha mtazamaji mahali kundi lilipo. Uzito wake kamili hupimwa kwa adesi.

Kundi moja katika hayo limepewa jina la Kihispania El Gordo, yaani Mnene. Ni makundi mawili yaliyogongana, mbali nasi kwa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 7. Mwaka 2014 darubini ya Hubble ilipima kupinda kwa nuru nyuma yake, na uzito ukakadiriwa kuwa wa majua milioni bilioni 3. Vipimo vya baadaye vimeupunguza hadi karibu na milioni bilioni 2. Mnene amekonda kidogo. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilionyesha ndani ya picha yake upinde mwekundu wa galaksi ya mbali, wakauita El Anzuelo, yaani Ndoana. Nuru ya galaksi hiyo imechukua miaka bilioni 10.6 kufika.

Limebaki swali ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa: je, kitu hiki kipo kweli, au ni kanuni ya mvutano ndiyo iliyo na kasoro? Historia ina mifano miwili, na yote ni ya mtu mmoja. Sayari Uranus ilipoonekana haifuati hesabu, Mfaransa Le Verrier alisema iko sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta; mwezi wa Septemba 1846 Galle wa Berlin akaelekeza darubini alipoambiwa, akaiona Neptune. Baadaye Utaridi nayo ikaonekana inakwenda pogo kidogo. Le Verrier akasema mwaka 1859 yale yale: kuna maada isiyojulikana karibu na jua. Ikapewa jina, Vulcan. Ikatafutwa kila jua lilipopatwa, na wako walioapa wameiona. Haikuwapo. Mwaka 1915 Einstein alieleza upogo ule kwa kubadilisha kanuni yenyewe. Basi maada ya giza ni Neptune au ni Vulcan?

Maoni yangu ni kwamba dalili zimeelemea upande wa Neptune. Mwaka 2006 kundi liitwalo Risasi lilipimwa kwa adesi. Ni makundi mawili yaliyopenyana. Gesi yake, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida humo, imekwama katikati, ilhali uzito unaopinda nuru umekutwa umepita mbele, mbali na gesi. Ni vigumu kulieleza hilo kwa kubadilisha kanuni peke yake. Na mwezi wa Aprili 2023 jamaa wa Atacama walitoa ramani ya uzito usioonekana ya robo ya mbingu yote, iliyochorwa kwa mikunjo ya nuru kongwe. Wingi wa mabonge yake ukalingana na hesabu zilizojengwa juu ya nadharia ya Einstein. Kwa hesabu hizo, maada hiyo ni kiasi cha mara tano ya maada yote tunayoijua: nyota, gesi, bahari, na sisi wenyewe.

Walakini Neptune ilionekana kwa macho. Hii haijaonekana. Wataalamu wameteremsha matangi ya xenoni chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, na karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, wakingojea chembe moja tu ya kitu hicho iguse. Mpaka sasa haijagusa. Na huko Chile, mwezi wa Juni 2025, darubini mpya yenye kioo cha mita 8.4 ilitoa picha zake za kwanza. Itapima maumbo ya mabilioni ya galaksi kutafuta mnyoosho ule wa asilimia moja. Imepewa jina la Vera Rubin, aliyekipima mwendo wake kijiwingu cha al-Sufi.